Kabla Asumini ya Mama Haijakauka

(Maelezo ya afisa wa kilimo wa wadi kwa wakazi waliofika kwenye kliniki ya mimea)

 

Wapo wanaodhani kliniki hii ni ya mahindi na mihogo pekee. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti jukumu la kudhibiti magonjwa ya mimea, na halikusema lazima uwe mmea wa shambani. Kwa hivyo mama huyu hapa mbele asichekwe. Ameleta chungu cha asumini alichoachiwa na marehemu mamake, aliyekuwa akichuma maua yake kutunga vikuba. Sasa majani yamegeuka manjano na yanapukutika.

Ananiambia kila akiona jani limenyauka, huongeza maji. Wengi hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mizizi nayo hupumua. Maji yakituama udongoni mizizi huoza, na mzizi uliooza haunywi. Mmea hunyauka kwa kiu huku umesimama majini. Tazameni, nimeung'oa polepole. Mzizi huu mweupe na mgumu ni mzima. Huu mweusi, unaobonyea na kunuka, ukatwe kwa kisu safi. Tundu la chungu nalo lilikuwa limeziba. Tutaupanda upya katika udongo uliochanganywa na mchanga wa mtoni (wa baharini una chumvi), ukae kivulini wiki mbili hivi. Chomeka kidole kwanza. Ukikuta bado unyevu, usimwagilie. Mbolea isubiri. Mgonjwa mahututi hapewi biriani.

Mama, siwezi kukuahidi kwamba shina hili litapona. Ndiyo maana leo hii tunakata vipandikizi vitatu au vinne kwenye matawi ambayo bado yana uhai, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 6 hivi. Kipandikizi si kama mbegu, ambayo huzaa mmea mwingine. Hiki ni mmea wenyewe, ule ule wa mamako, harufu ile ile. Kimoja mpe dadako, usitegemee chungu kimoja tena.

Aliye na mmea unaougua nyumbani asingoje ukauke. Leta tawi lenye jani bovu na jani zima, limefungwa kwenye gazeti, na udongo kidogo.

Haya, chungu kinachofuata ni cha nani?