Watoto Wetu Wakae Benchi Moja

Maneno yaliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na wakuu wa vijiji, jimbo la Tanganyika

 

Tumekutana kwa ajili ya shule ya watoto wetu. Kuna shauri limeletwa: watoto wa wenyeji wasome asubuhi, na watoto wa waliohama wasome mchana. Walioleta shauri hili si watu wabaya. Madarasa yamejaa, watoto wanne wanabanana kwenye benchi la wawili, na wengine wanakaa chini. Tena wako wanaosema kwamba Baluba na Batwa wakitengwa, ugomvi utapungua. Mimi naomba tusiwatenge, na naomba mnisikilize.

Sisi sote tunakumbuka miaka ya 2016 na 2017. Vita kati ya Batwa na Baluba vilichoma vijiji na shule katika Nyunzu, Manono, Kalemie na kwingineko. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia. Lakini kabla ya mishale kulikuwa na dharau: nani ale na nani, nani akae wapi, nani aitwe jina gani. Mtoto hazaliwi na dharau hiyo. Anaiona kwa wakubwa. Tukiwagawa watoto kwa zamu, tutakuwa tumewafundisha somo hilo kabla mwalimu hajashika chaki.

Mimi mwenyewe nimewahi kukosa. Mwanzoni mwa kazi yangu, katika shule nyingine, tuligawa madaftari na kalamu kwa watoto waliohama peke yao. Wiki haikwisha, madaftari yakachanwa na watoto wakapigana uwanjani. Sisi tukasema ni ukabila. Ndipo mama mmoja mwenyeji akaniambia: “Mwanangu, wageni wamelala kwangu miezi saba, tumekula bugali wa sahani moja. Wanangu hawana hata kalamu. Ulitaka nifurahi?” Sikuwa na jibu. Siku ile nilijifunza kwamba hata msaada unaweza kutenga watu.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu.

La kwanza ni ufundishaji. Mtoto anaingia darasa la kwanza na lugha ya nyumbani: Kiluba, Kitabwa, Kibembe au nyingine. Akifundishwa kwa Kifaransa tu, ataitikia pamoja na wenzake bila kuelewa. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike katika kufundisha. Kwa hiyo mwalimu anayeeleza hesabu kwa Kiswahili, kisha akafundisha maneno ya Kifaransa, havunji sheria. Walimu, waketisheni watoto wawili wawili kutoka familia tofauti. Mmoja asome, mwenzake afuatishe kwa kidole, kisha wabadilishane. Mwite kila mtoto kwa jina lake, si kwa kabila lake. Na mtoto anayetembea kutoka mbali asifukuzwe kwa kuchelewa.

La pili ni kamati ya wazazi. Waliohama wawe ndani yake, na wamama wawe ndani yake, Baluba kwa Batwa. Wasiitwe kuja kusikiliza tu; wawe na sauti wakati wa kuamua. Siku ya mkutano isiwe siku ya soko. Kuhusu pesa, katiba inasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na serikali ilianza kutekeleza jambo hilo mwezi wa Septemba 2019. Kama kuna mchango wowote unaoombwa, ujadiliwe wazi mbele ya wote, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu yake.

La tatu ni kazi ya mikono. Kama nafasi haitoshi na zamu mbili ni lazima, tugawe kwa madarasa: madarasa matatu ya chini asubuhi, matatu ya juu mchana, na kila darasa liwe na watoto wote. Tufanye salongo ya matofali, siku moja kwa wiki, kila kijiji na kila kundi la waliohama lilete watu. Baba akipiga tofali na baba wa kabila jingine, mtoto wake anaona. Na wandugu Batwa, majira ya asali na viwavi yakifika, familia nyingi huenda porini na mtoto hupoteza wiki nyingi za masomo. Mwambieni mwalimu mapema. Na ninyi majirani, kubalini mtoto huyo alale kwenu hadi wazazi warudi. Nyumba nyingi hapa zilipokea watu wakati wa vita. Zinaweza kumpokea mtoto mmoja wa shule.

Najua wako waliopoteza watu wao, na moyo haupoi kwa hotuba. Sikuombi usahau. Nakuomba tu usimpe mtoto wako mzigo huo aubebe pamoja na daftari lake.

Kabla ya kuondoka leo, wakuu wa vijiji na wawakilishi wa waliohama wakae pamoja na mkurugenzi wa shule, waamue juu ya zamu. Uamuzi uwe wenu, si wa shirika letu, kwa maana sisi tutaondoka siku moja na shule itabaki mikononi mwenu. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.