Antene ya dijitali mu nyumba zetu: tununue mara moja, tupunguze deni la kila mwezi

Hotuba ya kikundi cha ufundi mbele ya mkutano wa wanachama, Uvira

 

Komite ilituomba tuseme juu ya televisheni. Wengine watauliza: chama cha kusaidiana kiko na kazi gani na televisheni? Jibu liko mu daftari la mikopo. Mwanachama anakuja kuomba kidogo cha kumaliza mwezi. Tukikaa naye kuhesabu matumizi ya nyumba, tunakuta abonema ya televisheni imekaa pale kati ya unga, sabuni na minerval ya watoto. Kila mwezi ile pesa inatoka, na siku ukikosa kulipa picha inakatwa. Hatusemi watu waache televisheni. Tunasema kuna njia ya kuitazama bila kulipa kila mwezi, na hiyo njia ni antene.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Sisi tuliokaa Nyarugusu na Lugufu tulirudi na neno la Tanzania, king'amuzi. Hapa watu wanasema dekoderi. Ni kitu kimoja: kile kisanduku kinachopokea mawimbi na kuyageuza kuwa picha. Antene ni ile vyuma vya juu ya nyumba inayokamata mawimbi kutoka mnara wa hapa hapa duniani. Parabole, ile sahani, inakamata kutoka satelite. Tunachozungumzia leo ni antene.

Juu ya nini watu wanasema «dijitali»? Mwaka 2006 nchi nyingi zilipatana Geneva kwamba televisheni ya zamani ya analogi itaachwa, na tarehe ya mwisho ikawekwa 17 Juni 2015. Tanzania ilianza kuzima analogi Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Wale waliokuwa bado kambini wanakumbuka namna habari ya ving'amuzi ilivyojaa redioni. Kwetu Congo ile kazi haijafika kila mahali. Tutarudia hapo, maana ni jambo kubwa.

Sasa faida.

Ya kwanza ni pesa. Tuchukue mfano tu, kila mutu aweke bei za soko lake. Nyumba inalipa dola 10 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 120, kwa miaka 3 ni 360. Antene, waya na dekoderi tuseme vyote ni dola 50, mara moja. Chaneli za bure haziombi kitu kingine. Tofauti ya miaka 3 ni dola 310, na hizo ni mbuzi, ni mabati, ni mwaka wa masomo.

Ya pili: antene haili mega. Kijana anayetazama mpira ku telefone anamaliza forfait ya juma zima mu mechi moja. Tena telefone inategemea mtandao. Tunakumbuka kisha uchaguzi, tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu majuma 3. Aliyekuwa na antene ao redio alibaki na mahali pa kusikilizia. Aliyekuwa na telefone peke yake alibaki na uvumi wa barabarani, na sisi tuliokwisha kukimbia tunajua uvumi unaweza kufanya nini: unabebesha mama watoto na magodoro usiku kwa jambo ambalo halikutokea.

Ya tatu ni lugha. RTNC inatoa habari mu Kifaransa na mu lugha zetu 4 za taifa, Kiswahili kimo. RTNB ya Burundi nayo inatoa habari mu Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Mzee asiyejua Kifaransa anaweza kukaa nyumbani mwake, akasikia juu ya kipindupindu, chanjo ao mafuriko bila kungojea mjukuu amutafsirie.

Ya ine ni mvua. Wenye parabole wanajua: mvua kubwa ikishuka, picha inapotea mpaka mvua ipite. Mawimbi ya antene hayasumbuliwi sana na mvua.

Ya tano ni watoto. Nyumba isiyo na televisheni, mtoto anaenda kwa jirani ao mu sinema ya kulipa, anarudi saa nne ya usiku. Nyumba ikiwa nayo, mzazi anajua mtoto iko wapi na anatazama nini. Tena anaweza kuizima wakati wa masomo.

Hizo ni faida. Lakini tusidanganyane, antene haifanyi kazi kila mahali. Mawimbi haya yanaenda moja kwa moja kama mwangaza wa tochi. Mlima ukikaa katikati, yanakatika. Angalieni Uvira yetu: upande wa magharibi milima ya Mitumba imesimama kama ukuta, upande wa mashariki ziwa liko wazi, na Bujumbura iko ng'ambo, kama kilometa 25. Nyumba inayoona ziwa iko na bahati kuliko nyumba iliyojificha nyuma ya kilima. Ndugu zetu wa Baraka na Fizi wako mbali zaidi, wasinunue kitu kwa kusikia tu kwamba wa Uvira wamepata.

Kwa hiyo fanyeni hivi mbele ya kutoa pesa:

1. Pima kwanza. Azima antene na dekoderi ya jirani, panda nayo juu ya nyumba yako, geuza polepole kila upande, na kila mara acha dekoderi itafute chaneli. Angalia nambari ya nguvu ya mawimbi. Analogi ilikuwa inaonyesha hata picha yenye theluji. Dijitali inaonyesha picha safi, ikidhoofika inakatika vipande-vipande, kisha inapotea kabisa.

2. Usilipie jina. Muuzaji atakuambia hii ni antene ya dijitali, bei iko juu. Chuma hakijui dijitali wala analogi. Antene ya zamani ya UHF, ikiwa nzima, inakamata vizuri. Kitu cha dijitali ni dekoderi, ao televisheni yenyewe.

3. Soma ku kartoni. Mwaka 2010 nchi za SADC, na Congo imo, zilichagua mtindo wa DVB-T2. Ukiona maandiko ya DVB-T2 ku televisheni, hauna haja ya dekoderi. Ukiona DVB-S2, hiyo ni ya satelite, irudishe.

4. Uliza kama chaneli ni za bure. Chaneli ingine inaonekana jina lake lakini picha imefungwa. Hiyo inadai kadi ya kulipa. Hesabu zile zinazofunguka tu.

5. Waya uwe mfupi na mzima. Antene nzuri yenye waya uliounganishwa-unganishwa na nailoni ni kazi bure.

Na usalama, ndugu zetu. Usisimamishe mti wa antene karibu na nyaya za SNEL. Mti ukianguka juu yao, mwenye kuushika anakufa. Pima urefu wa mti, kisha simama mbali na nyaya kupita urefu huo. Radi ikianza kunguruma, usiguse ule waya. Ungoe nyuma ya televisheni mbele mvua haijafika, na chuma cha antene kiunganishwe na waya mpaka mu udongo.

Kwa wasio na umeme: televisheni ndogo ya LED ya volti 12 pamoja na dekoderi vinakula kama wati 35. Saa 3 za jioni ni karibu wati-saa 105. Batri ya ampea 40 inabeba jioni 2 bila kuiumiza, kisha sola inairudishia nguvu.

Kwenu wafadhili tuko na neno moja, na tunalisema kwa heshima. Kila mara mutu mwenye roho nzuri anatuuliza kama atume televisheni kutoka kule anakoishi. Televisheni za Marekani zinatumia mtindo mwingine, ATSC; hapa haitakamata chaneli hata moja bila dekoderi ya kwetu. Nyingi za zamani za Ulaya zinajua DVB-T tu, T2 hapana. Pesa ya kuzisafirisha peke yake inaweza kununua vyombo vizima hapa sokoni, na fundi wa hapa akapata kazi.

Tunaweka mbele ya mkutano pendekezo hili: mfuko usitoe tena mkopo wa abonema. Utoe mkopo wa antene, mara moja kwa nyumba, kisha kikundi cha ufundi kimepima na kuandika kwamba mawimbi yanafika. Chama kinunue antene moja na dekoderi moja za kupimia, zizunguke kwa wanachama bila malipo. Mahali mawimbi hayafiki, tusikopeshe. Huko redio nzuri ya sola ni msaada mkubwa zaidi. Wajane na wazee wapimiwe wa kwanza.

Wanaokubali wainue mkono. Wenye maulizo tuko hapa, tena hata kisha mkutano.