Mvi si hati ya hekima, wala si ushahidi wa uchawi

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi, Siku ya Kimataifa ya Wazee, 1 Oktoba



Siku ya leo ilitengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990 iwe ya kuwakumbuka wazee. Katika siku kama hii sifa hazikosekani. Husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno, na kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Mzee huketishwa mbele, hupewa leso, na picha hupigwa.

Lakini Kilifi ni kaunti ambayo mzee huyo huyo, jua likitua, huenda akalala kwa hofu. Kwa miaka mingi wazee wameuawa vijijini kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi shuku imewaangukia jamaa zao wenyewe. Wengine wameyakimbia maboma waliyoyajenga kwa mikono yao. Kule Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimewapa hifadhi wazee waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hizo.

Kwa hivyo swali la leo si la kupitisha wakati. Je, umri huleta hekima kweli? Kijana anayeambiwa amtii mzee ana haki ya kuuliza, na mzee naye anastahili jibu la kweli, si la kumbembeleza.

Umri huleta nini

Kila aliyezeeka anajua kwamba akili hupungua kasi. Jina la mtu linakuwa kwenye ncha ya ulimi na halitoki. Hesabu iliyofanywa kichwani sasa inataka karatasi. Hata hivyo, maneno ya lugha hayapungui upesi, wala ujuzi wa watu na tabia zao.

Hekima ni jambo jingine. Kule Berlin, Ujerumani, Paul Baltes na wenzake wa Taasisi ya Max Planck walitumia miaka mingi kulichunguza. Waliwapa watu wazima wa rika mbalimbali matatizo magumu ya maisha, wakawataka waeleze wangefikiria nini. Moja la matatizo hayo lilikuwa la msichana wa miaka 15 anayetaka kuolewa mara moja. Majibu yalipimwa: nani ameuliza hali ya msichana, nani ametazama mbele, nani amekubali kwamba hajui kila kitu. Matokeo yalikuwa kwamba kwa watu wazima, umri peke yake haukuongeza sana hekima, wala haukuipunguza sana. Wapo wazee waliojibu vizuri sana, na wapo vijana waliowazidi wazee.

Umri, basi, humpa mtu mambo ya kuyafikiria. Kuyafikiria ni kazi yake mwenyewe. Mtu anaweza kurudia kosa moja kwa miaka 40, kisha akaliita uzoefu.

Wazee wasikate tamaa, kwa sababu upo upande wa pili. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwapa watu wasome habari za ugomvi kati ya makundi na kati ya watu. Wenye umri mkubwa ndio waliojitokeza zaidi kutazama pande zote mbili na kutafuta mapatano. Huo ndio ujuzi ambao jamii za Pwani zimeutegemea tangu zamani.

Kisha likaja funzo la tatu, na ndilo lenye uzito kwa Kilifi. Mwaka 2014 mtafiti Igor Grossmann na mwenzake walionyesha kwamba mtu hufikiri kwa hekima zaidi juu ya tatizo la rafiki kuliko tatizo lake mwenyewe. Wenye miaka zaidi ya 60 walipopimwa, walikuwa na udhaifu ule ule wa vijana. Mzee anayesuluhisha vizuri ugomvi wa jirani huenda akawa mbovu kabisa katika ugomvi wa boma lake.

Kwa nini wazee huketi wengi

Wamijikenda walilijua hilo bila utafiti. Mambo ya kaya hayakuachiwa mzee mmoja. Yaliamuliwa na kambi, baraza la wazee walioketi pamoja, kila upande ukasikizwa mbele ya wote. Hekima haikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja mwenye mvi. Ilikuwa katika utaratibu wa kusikizana, na utaratibu huo ulimzuia mzee asiwe hakimu wa kesi yake.

Matunda yake yanaonekana hata leo. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu ya Kaya katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka uliofuata ikaingiza mila zinazohusiana na kaya katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka. Misitu hiyo imebaki kwa sababu wazee waliweka miiko ya nani aingie, njia ipi ifuatwe na mti gani usikatwe, nao wenyewe wakaifuata.

Historia ya Wagiriama inaonyesha pia kwamba cheo cha uzee na hekima ya uzee ni vitu viwili. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka wakubwa wa mitaa ili wasaidie kukusanya kodi na vibarua. Hao walikuwa na cheo. Aliyesimama kuuliza vijana wanapelekwa wapi na kwa faida ya nani alikuwa Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane asiyekuwa na cheo chochote cha serikali. Watu walikula kiapo Kaya Fungo. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kupelekwa mbali, bara, wakatoroka na kurudi. Mwaka 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo. Leo wakubwa wale wengi wao hawakumbukwi hata kwa majina. Na ifahamike kwamba hekima iliyokumbukwa ilikuwa ya mama, ingawa hata leo yako mabaraza ambayo kina mama huketi nyuma, au hawaiti kabisa.

Pale mambo yanapoharibika

Kisa cha mzee kuitwa mchawi huanza polepole. Mzee ana shamba alilorithi kwa babake. Wana wamekua, wana wake na watoto, na shamba halijagawanywa. Bei ya ardhi imepanda na mnunuzi amefika. Mzee amekataa kuuza, au ameuza kipande bila kumwambia mtu. Mazungumzo yanakatika. Kisha mtoto mchanga wa boma anafariki kwa homa, au kijana anaanguka na bodaboda. Mtu anakumbuka neno ambalo mzee alilisema kwa hasira. Mwingine anasema alimwona akizunguka usiku. Kuanzia siku hiyo mzee haitwi tena baba.

Ushahidi unaotolewa ni huu. Macho mekundu: lakini mama aliyepika kwa kuni miaka 50 katika jikoni lisilo na dirisha macho yake yameharibiwa na moshi. Kutembea usiku na kupotea njia, kuongea peke yake, kusahau watoto wake: hizo ni dalili za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mgonjwa hupelekwa hospitali. Mvi: kila atakayebahatika kuishi ataziota. Mvi si hati ya hekima, wala si ushahidi wa uchawi.

Vijana, fahamuni sheria. Chini ya Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, Sura ya 67, kumtuhumu mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai. Aliye na malalamiko anayapeleka kwa polisi, kwa chifu au kwa mwenye mamlaka, si kwa kundi la vijana wenye panga. Anayeua mzee ni muuaji, hata kama kijiji kizima kilimshangilia. Na shamba alilolitamani halitamfikia, kwa sababu sheria ya urithi haimruhusu muuaji kumrithi aliyemuua.

Wazee nao waambiwe ukweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kifungu cha 159 cha Katiba kinatambua njia za kimila za kusuluhisha ugomvi, na kifungu cha 60 kinahimiza jamii kumaliza migogoro ya ardhi kwa njia zao zinazokubaliana na Katiba. Lakini Katiba hiyo hiyo inasema njia za kimila zisivunje haki za binadamu. Mtoto aliyenajisiwa kesi yake haimalizwi chini ya mwembe kwa mbuzi na faini. Mzee anayeketi kuizima kesi hiyo hajasuluhisha kitu. Amemficha mhalifu na kumwacha mtoto mikononi mwake. Vivyo hivyo mzee anayekubali mahari ya msichana wa miaka 15, hata akisema mila inaruhusu.

Yanayoweza kufanywa mwaka huu

Kwanza, mzee mwenye ardhi aweke wazi mambo yake angali hai. Aite wana wote, wa kiume na wa kike, kwa sababu Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haibagui mtoto wa kike. Wosia ulioandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiokuwa warithi huzuia ugomvi mwingi. Wosia wa mdomo nao hukubaliwa ukitolewa mbele ya mashahidi wawili, lakini hufa ikiwa aliyeutoa ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema. Wengi hawalijui hilo. Husema neno lao mara moja mbele ya watu, wakadhani wamemaliza.

Pili, mzee asihukumu kesi ya boma lake. Ugomvi wa ardhi kati ya baba na wana ukitokea, waitwe wazee wa mtaa mwingine, wawepo kina mama, na yaliyokubaliwa yaandikwe na kutiwa sahihi. Kumwita mwingine asuluhishe si kujidharau. Ni kufanya kama wazee wa kambi walivyofanya.

Tatu, kijana asisubiri msiba ili aongee na babake. Ana swali kuhusu shamba? Aliulize mchana, kwa heshima, mbele ya mtu wa tatu. Na mzee asilichukue swali kuwa utovu wa adabu. Kijana anayeuliza bado anataka kuongea. Wa kuogopewa ni yule aliyeacha kuuliza.

Nne, jirani anayesikia mzee anaitwa mchawi asingoje kuona. Ampigie chifu, mzee wa mtaa au kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Mauaji mengi hutanguliwa na maneno, na maneno hayo husikika.

Tano, familia zimtunze mzee kabla hajawa mzigo wa uvumi. Katiba, kifungu cha 57, inampa aliyezidi miaka 60 haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuendelea kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia yake na serikali. Shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii kwa waliofikisha miaka 70 zinasaidia, lakini fedha hizo haziwezi kumpeleka mzee hospitali akiwa hana wa kumshika mkono, wala kumfungulia mlango usiku.

Ndugu wakazi, jibu la swali la leo ni hili. Umri hauleti hekima peke yake. Hekima huja kwa mzee aliyekubali kusahihishwa, anayesikiza pande zote mbili, anayesema sijui pale asipojua, na anayewaachia wengine kuhukumu jambo linalomhusu. Mzee wa namna hiyo yumo katika kila wadi ya Kilifi. Ni mwanamume au ni mama. Mwiteni barazani, mumsikize.

Na yule mzee asiye na hekima, mwenye hasira, mchoyo wa shamba, anayesahau na kulaumu? Heshima yake mnaweza kuibishania. Uhai wake hauna ubishi. Haki ya kulala salama katika nyumba yake hakupewa kwa sababu ana hekima, na hakuna awezaye kumnyang'anya kwa sababu hana.

 Mrudipo nyumbani jioni hii, mpitieni mzee mmoja, mketi naye kidogo kabla hakujawa giza.