Mbwa akila sumu, usikimbilie maziwa
(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa mwezi, Lubumbashi)



Mutaniuliza: chama cha watu waliorudi, chenye shida ya bati na ya masomo ya watoto, leo kinaongea mbwa? Ndiyo. Wengi wetu tuliorudi kupitia Kasumbalesa tulipata kiwanja pembeni ya mji, kule Annexe, fasi hakuna taa barabarani. Pesa ya sentineli hatuna. Mbwa ndiye sentineli. Mwizi naye anajua: kwanza anatupa nyama yenye dawa ndani ya parsele, kisha anarudi saa nane ya usiku.

Kwangu ilikuwa vile. Nilimkuta mbwa wetu anatoa mate kama povu la sabuni, anatapika, anajikojolea, miguu inatetemeka. Majirani wakafika, kila mtu na shauri lake. "Mumupe maziwa!" "Hapana, mafuta ya ngazi!" Tukamfungua kinywa kwa nguvu, tukamimina vyote viwili. Alikufa akikohoa. Siku ya tatu wakaja kubeba cherehani ya mke wangu.

Kisha nilienda kuuliza daktari wa mifugo. Maziwa hayaui sumu. Mafuta yanaweza hata kusaidia sumu nyingine kuingia mwilini upesi. Na mbwa anayetetemeka hamezi vizuri. Unachomimina kinaingia katika mapafu. Kumtapisha pia, ngoja daktari aseme. Mbwa amelegea, ama ana degedege, ama amekunywa petroli? Usimtapishe kabisa.

Mate mengi, machozi, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo sana, pumzi nzito: hizo mara nyingi ni dalili za dawa ya wadudu ya mashamba. Inaanza ndani ya dakika au saa chache. Daktari ana sindano ya atropini, lakini ni lazima umfikie mapema. Wengine wanamwogesha mbwa kwa dawa hiyohiyo ili kuua kupe! Inapita katika ngozi. Ikiwa iko juu ya manyoya, vaa glovu, osha kwa maji mengi na sabuni.

Dawa ya panya nyingine inadanganya. Mbwa anakula leo, anacheza vizuri, kisha siku ya tatu ao ya tano ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani ao katika choo. Inazuia damu kuganda. Vitamini K1 inamponya, lakini kwa majuma, si kidonge kimoja. Kwa hiyo ukimwona akiikula, usingoje augue.

Tena kuko bunga. Ile yenye ukungu tunasema, "basi, tumpikie mbwa bukari." Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye ukungu yaliua watu 125. Ini la mbwa nalo haliwezi kuvumilia sumu ile. Tupa.

Sasa, ufanye nini? Mtoe fasi ya sumu, funga mbwa wengine. Chukua karatasi ya dawa ao matapishi kidogo ndani ya mfuko, daktari ayaone. Tafuta taxi. Hapa mjini Université de Lubumbashi ina fakilte ya médecine vétérinaire; ulizeni kule mapema, kabla ya shida, saa gani wanapokea wanyama.

Lakini sikieni vizuri hapa: mate na degedege vinaweza kuwa pia kichaa cha mbwa. Usitie mkono kinywani, kama mimi nilivyofanya. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji dakika 15, nenda kituo cha afya siku ileile kwa chanjo. Kichaa kikishaanza ndani ya mtu, karibu hakuna anayepona.

Na mbwa aliyekufa asitupwe jalalani. Kenya, ndege tai wamekufa kwa kula mizoga yenye karbofurani. Mzike chini sana. Nyama yake mtu asiile, hata njaa ikiwa namna gani.

Ninaomba kamati mambo mawili. Namba ya daktari wa mifugo iandikwe nyuma ya kadi ya kila mwanachama, na kasha letu liweke akiba ndogo ya taxi ya usiku. Marafiki wafadhili, mukiweza, mutusaidie na chanjo ya kichaa kwa mbwa wa wanachama. Kwangu sasa kuko mtoto wa mbwa, ana miezi minne. Yeye awe wa kwanza kwenye liste.