Uvimbe wa Taya

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za saratani, ambayo wengine huiita kansa.

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, nazo ni ndogo mno, hazionekani kwa macho matupu. Seli hujigawa zikawa mbili pale mwili unapozihitaji, kama vile kidonda kinapopona, kisha huacha. Saratani huanza seli moja inapoasi amri ya kuacha. Hujigawa bila kikomo, na wazao wake vivyo hivyo, hata hujaa kama magugu shambani na kuzinyima nyingine chakula. Baadhi yake huchukuliwa na damu, zikaota mahali pengine. Basi saratani si uchawi wala si laana. Ni seli zetu wenyewe zilizoharibika.

Tutwae mfano wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Baadaye akaona na wengine. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili kama 10,000, toka Uganda hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kuwa uvimbe ule ni wa nchi za joto na mvua. Kwenye milima yenye baridi ni haba. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wa London waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Watu wengi wanacho kirusi hicho bila kudhurika; lakini malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto, nacho kikapata nafasi.

Uvimbe huu hukua upesi ajabu: seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili. Hata hivyo dawa za hospitali huushinda, na watoto wengi hupona wakifikishwa mapema.

Basi, wazazi, mkiona taya au tumbo la mtoto limevimba, au meno yamelegea kabla ya wakati wake, msingoje maumivu, maana saratani mara nyingi haiumi mwanzoni. Msimchanje, wala msimfiche ndani kwa kuona haya. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Wazee wetu walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.