Ua Lisilonyonya Mti



Katika misitu ya milima ya Usambara, juu ya matawi ya miti, huota okidi ndogo za jamii ya Polystachya. Ujanani niliing'oa moja, nikidhani ninauokoa mti na mnyonyaji. Nilikosea. Okidi hushika gome tu. Maji huyapata kwa mvua na umande. Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, wala haichipui isipolishwa na kuvu.

Ndugu yangu, je, nyumbani mwako yumo yatima au mjane unayemwita kupe? Hakuja kukunyonya, anatafuta mahali pa kushika. Nasi sote tulichipua kwa kulishwa na wengine. Usimng'oe.

Mwenyezi Mungu awabariki. Amina.