Somo la Sayansi kwa Watu Wazima: Vumbi Katika Barafu

Natumaini darasa limetimia, na kila mmoja wenu ana karatasi na kalamu mbele yake. Leo tutaanzia nyumbani Ibadakuli, halafu tutakwenda mbali sana, hata kwenye sayari nyingine, kisha tutarudi nchini kwetu.

Yeyote aliyepata kuchimba kisima anajua kwamba ardhi imepangwa kwa matabaka. Unaanza na udongo mweusi wa mbuga. Ukizidi kwenda chini rangi inabadilika, labda unakuta udongo wenye chokaa, labda mchanga. Kila tabaka liliwekwa kwa wakati wake. La chini lilitangulia, la juu likafuata. Basi, ukuta wa kisima ni kama ukurasa, na ajuaye kuusoma anaweza kueleza habari za zamani, kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Barafu nayo ni hivyo hivyo. Theluji huanguka, ikalaliwa na theluji nyingine, ikashindiliwa mpaka ikawa barafu ngumu. Mwaka wa ukame theluji huwa chache na upepo huleta vumbi. Vumbi lile hunaswa ndani, likabaki kama mstari mweusi. Nadhani watu wa Shinyanga hamhitaji kuelezwa vumbi la mwaka wa ukame!

Sasa twende kwenye sayari ya Mirihi. Wengi wenu mmeiona bila kuijua. Ni ile inayofanana na nyota, yenye wekundu kidogo, wala haimetimeti kama nyota nyingine. Mirihi ni jirani yetu katika kulizunguka jua. Siku yake ni ndefu kuliko yetu kwa dakika arobaini hivi tu, lakini mwaka wake ni siku 687 za kwetu. Mtu mwenye miaka kumi ya Mirihi, sisi tungemhesabia karibu kumi na tisa.

Katika ncha ya kaskazini ya Mirihi kuna rundo kubwa la barafu. Upana wake ni kilometa 1,000 hivi, yaani karibu sawa na safari ya basi kutoka Shinyanga mpaka Dar es Salaam, na penye kina kirefu unene wake unapita kilometa mbili. Chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kiliizunguka sayari hiyo mwaka 1971 na 1972, na picha zake zilionyesha kwamba kingo za ncha zile zina mistari mistari: barafu safi, barafu yenye vumbi, tena barafu safi.

Labda mtauliza, je, ndani kunajulikanaje, na hakuna mtu aliyekwenda huko kuchimba? Jibu ni hili. Ukiinama juu ya kisima ukapiga kelele, sauti inakwenda chini na kukurudia. Kisima kikiwa kirefu, sauti inachelewa. Chombo kingine cha Marekani, kilichofika Mirihi mwaka 2006, kina rada inayopeleka mawimbi ndani ya barafu. Kila tabaka lenye vumbi hurudisha sehemu ya mawimbi hayo, na wataalamu hupima yamechelewa kiasi gani. Hivyo wanayahesabu matabaka bila kugusa hata kipande kimoja.

Na matabaka hayo yametokana na nini? Chukueni chungwa, lichomeni kijiti katikati, mlishike karibu na taa huku kijiti kimelala upande kidogo. Dunia yetu imelala hivyo, na ulalo wake haubadiliki sana, kwa sababu mwezi wetu ni mkubwa na unaizuia isiyumbe. Mirihi ina miezi miwili, lakini ni midogo mno. Kwa hiyo Mirihi huyumba. Ikilala sana, jua hupiga kwenye ncha wakati wa kiangazi, barafu ikageuka mvuke na kwenda kuanguka mahali pengine. Ikisimama tena, barafu hurudi kwenye ncha. Mzunguko mmoja wa namna hiyo huchukua miaka 120,000 hivi. Mwaka 2016 wataalamu wa rada walieleza kwamba zamu ya mwisho ya barafu kurudi kwenye ncha ilianza miaka 370,000 iliyopita.

Sasa turudi nchini. Sisi nasi tunacho kitabu cha namna hiyo, juu ya Kilimanjaro. Mwaka 2000 Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alipanda pamoja na wenzake, wakatoboa barafu mahali sita. Walitoa vipande virefu vya duara kama miwa, na kilichozidi vyote kilifika karibu meta 51. Mwaka 2002 walitangaza kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi. Wapo wataalamu wengine wanaobishia umri huo, na ubishi wao haujakwisha. Lakini jambo lililonigusa mimi ni lile tabaka la vumbi, unene wake sentimeta tatu hivi, ambalo walilihesabia miaka kama 4,000. Kwa maelezo yao ni alama ya ukame ulioendelea karibu miaka 300. Sisi tunahesabu msimu mmoja bila mvua kuwa ni msiba. Fikirini vizazi kumi!

Kitabu hicho kinapotea. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilometa za mraba kama 12. Mwaka 2000 zilikuwa hazifiki tatu, na mwaka 2011 hazikufika mbili. Joto limezidi, na hewa ya mlimani imekuwa kavu tangu zaidi ya miaka mia moja. Kila sababu ilichangia kiasi gani, wataalamu hawajapatana. Katika kipande kimoja cha mwaka 2000, sentimeta 65 za juu zilikuwa na alama za kuyeyuka na kuganda tena. Chini yake, alama hizo hazikuonekana. Thompson alikisia kwamba barafu yote ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Alikosea miaka, kwani kidogo bado ipo, lakini inazidi kupungua. Barafu ya Mirihi itakaa ikingoja wasomaji wake. Hii yetu haitangoji. Baadhi ya vipande vilivyotolewa vimehifadhiwa Ohio, katika vyumba vya baridi kali.

Basi, kazi ya juma hili. Waendeeni wazee, waulizeni miaka ya ukame na ya mvua nyingi. Mwaka 1961 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki na Ziwa Viktoria likajaa; miaka ya 1973 na 1974 palikuwa na ukame. Waulizeni na mingine waliyohadithiwa na baba zao. Iandikeni kwa mfuatano, ya zamani chini na ya karibuni juu, kama ukuta wa kisima. Mwalimu atazikusanya karatasi.

Kwaherini.